Joe Davis: Alilijenga taji la dunia la snuka, nusura alizike

NI vigumu kumpata mwanamichezo aliyecheza mashindano ya ubingwa wa dunia mara 15, akashinda mara zote 15, halafu akaondoka kwa miguu yake mwenyewe bila mtu kumtoa. Joe Davis, Mwingereza, alifanya hivyo kwenye snuka. Tangu mwaka 1927 mpaka 1946 hakutokea mchezaji hata mmoja aliyemfunga kwenye mashindano hayo.

Ila habari ya mzee huyu si ya makombe peke yake. Yeye ndiye aliyehangaika mpaka mashindano yakaanzishwa, akayabeba mgongoni yalipokuwa na wachezaji wawili tu, akayafikisha kwenye ukumbi mkubwa wa London. Alipoamua kukaa pembeni, mashindano yale yale yakadhoofika, yakagawanyika, na mwishowe yakazimika kabisa. Hapo ndipo penye mjadala ambao wapenzi wa mchezo huu hawajaumaliza mpaka leo.

Kwa wale waliozoea meza za pool za mitaani, snuka ni ndugu yake, lakini ndugu mwenye masharti magumu. Meza ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6, na mashimo yake ni ya kubana. Juu yake kuna mipira 22: mmoja mweupe wa kupigia, 15 myekundu, na sita ya rangi nyingine. Mwekundu una pointi 1, njano 2, kijani 3, kahawia 4, bluu 5, pinki 6 na mweusi 7. Unazamisha mwekundu, kisha wa rangi, kisha mwekundu tena. Ule wa rangi unarudishwa mezani mpaka myekundu yote iishe, ndipo nayo izamishwe moja moja kwa mpangilio wake. Ukikosa, unampisha mwenzako na wewe unakwenda kukaa. Anayemaliza meza yote kwa zamu moja, akichukua mweusi kila baada ya mwekundu, anapata pointi 147. Kila mzunguko wa meza unaitwa fremu.

Mchezo wenyewe ulizaliwa mbali na Uingereza. Mwaka 1875, maofisa wa jeshi la Uingereza waliokuwa Jabalpur, India, walichanganya michezo miwili mitatu ya mezani kupitisha muda wakati wa mvua. Anayetajwa kuwa mwanzilishi ni ofisa aliyeitwa Neville Chamberlain, ambaye si yule waziri mkuu, ni wajina wake tu. Jina la mchezo lilikuwa neno la utani walilowaita wanafunzi wapya wa chuo cha kijeshi, wale washamba wasiojua kitu.

Mtoto wa mchimba makaa

Joe Davis alizaliwa Aprili 15, 1901 katika kijiji cha Whitwell, mkoa wa Derbyshire, katikati ya Uingereza. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Baadaye mzee huyo akaachana na shimo la makaa akaenda kuendesha baa huko Whittington Moor, karibu na mji wa Chesterfield. Ndani ya baa hiyo kulikuwa na meza kubwa ya biliadi.

Hiyo ndiyo bahati iliyomtengeneza. Watoto wengine wa wachimba makaa walisubiri umri ufike waingie shimoni kama baba zao. Joe yeye alikuwa na meza nyumbani, na muda ambao wateja hawapo alikuwa anajipigia mwenyewe. Alianza akiwa na miaka 11. Alipofika miaka 13 akawa bingwa wa biliadi wa Chesterfield na vitongoji vyake, akiwafunga watu wazima wenye ndevu.

Alikuwa na kasoro moja ambayo kwa mchezo wa shabaha ungedhani ingemkwamisha. Jicho lake la kulia lilikuwa bovu. Alicheza kwa mkono wa kulia lakini akilenga kwa jicho la kushoto, kwa hiyo fimbo yake ilipita upande wa kushoto wa kidevu. Ukitazama picha zake za zamani utaona kichwa kimelala kidogo upande mmoja.

Akiwa na miaka 18 akaingia kwenye biliadi ya kulipwa. Wakati huo biliadi ndiyo ilikuwa mchezo wa heshima, ile yenye mipira mitatu tu, nyekundu mmoja na nyeupe miwili. Wakubwa wa mchezo walikuwa Tom Newman, Willie Smith na Melbourne Inman. Kijana wa Chesterfield akajipenyeza katikati yao. Mwaka 1926 alifika fainali ya ubingwa wa dunia wa biliadi akafungwa na Newman. Mwaka 1927 akarudi tena fainali, akafungwa tena na Newman. Mwaka 1928 akamfunga Newman na kuchukua taji.

Kwa mtu mwingine, hapo angeridhika. Davis hakuridhika, kwa sababu alikuwa ameona kitu ambacho wakubwa wa mchezo hawakutaka kukiona.

Aliona mbali

Mbali na kucheza, Davis alikuwa akisimamia kumbi za biliadi. Kila siku alikuwa anatazama wateja wanacheza nini, na alichokiona ni kwamba watu wa kawaida, wenye shilingi zao mfukoni, walikuwa wanaikimbia biliadi wanakwenda kwenye snuka. Snuka ilikuwa na rangi, ilikuwa na ushindani wa haraka, na watu waliweza kuwekeana dau.

Biliadi yenyewe ilikuwa inauawa na ubora wa wachezaji wake. Walikuwa wamejua mno. Mtu akishika meza, haachii. Mfano uliokuja kuwa maarufu ulitokea Januari 1932 kwenye ukumbi wa Thurston's, London, pale Walter Lindrum wa Australia alipopata pointi 4,137 kwa zamu moja. Alikaa mezani karibu saa tatu. Mpinzani aliyekuwa amekaa kitini muda wote huo, fimbo mkononi, akisubiri zamu ambayo haiji, alikuwa Joe Davis mwenyewe. Shabiki gani atalipa kiingilio kutazama hivyo wiki nzima?

Lakini miaka ya 1920, ukiwaambia viongozi wa chama cha biliadi cha Uingereza habari za snuka, walikuwa wanakunja sura. Kwao snuka ilikuwa mchezo wa kujifurahisha baada ya mechi ya maana kwisha. Wazo la kuwa na mashindano ya snuka kwa wachezaji wa kulipwa lilikwishawahi kufika mezani kwao na wakalikataa, wakiona mchezo huo hauwezi kuvuta watazamaji wa kulipa.

Davis akamtafuta Bill Camkin, mfanyabiashara wa Birmingham aliyekuwa na kumbi za biliadi na aliyeuza vifaa vya mchezo huo. Camkin naye alikuwa anaona kile kile kwenye kumbi zake. Wawili hao wakaandaa mpango, wakaubana uongozi wa chama mpaka mwaka 1926 ukakubali shingo upande.

Pauni sita na kombe la kujinunulia

Wachezaji 10 walijiandikisha. Mechi ya kwanza, kati ya Melbourne Inman na Tom Newman, ilianza Novemba 29, 1926 kwenye ukumbi wa Thurston's. Mechi nyingine zikachezwa hapa na pale, kila pambano kwa tarehe yake na ukumbi wake, hadi Mei 1927. Fainali ikachezwa kwenye ukumbi wa Camkin, Birmingham. Davis akamchapa Tom Dennis wa Nottingham fremu 20 kwa 11.

Msomaji, usije ukafikiri bingwa wa dunia alirudi nyumbani na mkwanja wa kutisha. Mapato yake kwa ubingwa ule yalikuwa pauni 6 na shilingi 10. Sehemu ya mapato ya milangoni ambayo ilikuwa iende kwa wachezaji, chama kiliitumia kununulia kombe. Kwa maneno mengine, wachezaji walijinunulia kombe wenyewe. Ni kombe la fedha lenye sanamu ya msichana mchungaji wa Kigiriki juu yake.

Mbuyu ulianza kama mchicha, na mchicha huu kwa miaka kadhaa ulikataa kukua. Mwaka 1928 Davis alimfunga Fred Lawrence 16 kwa 13. Mwaka 1929 na 1930 mpinzani wa fainali akawa Dennis tena, akala 19 kwa 14, kisha 25 kwa 12. Mwaka 1931 ndiyo ilikuwa aibu kabisa. Waliojiandikisha kugombea ubingwa wa dunia walikuwa wawili tu: Joe Davis na Tom Dennis. Wakacheza Nottingham, nyumbani kwa Dennis, na Davis akashinda 25 kwa 21. Hiyo ndiyo ikawa mechi pekee ya mashindano yote.

Hali kama hiyo ilijirudia mwaka 1934. Safari hii walijiandikisha Davis na Newman, basi. Davis akashinda.

Wabishi wa vijiweni hapo ndipo wanaposhikia hoja yao. Wanasema mataji 15 ya Davis yasilinganishwe na saba ya Stephen Hendry au saba ya Ronnie O'Sullivan, kwa sababu hawa walipambana na msururu wa wachezaji hatari kila mwaka, wakati Davis miaka mingine alihitaji mechi moja tu kuwa bingwa. Hoja hiyo ina uzito, hatuwezi kuificha. Lakini ina upande wa pili. Wenzake wengi waliona snuka haina faida wakabaki kwenye biliadi. Davis alijitokeza kila mwaka, mapato yawepo yasiwepo, akalishikilia taji lisife. Kama naye angesema pauni sita hazimtoshi, leo kusingekuwa na taji la kugombea.

Alivyobadilisha mchezo wenyewe

Kabla ya Davis, snuka ilichezwa kwa mtindo wa kuvizia. Unazamisha mpira mmoja au miwili iliyo wazi, kisha unaficha mweupe ili mwenzako asione pa kupiga. Mchezo ulikuwa mrefu na mkavu.

Davis alileta akili ya biliadi. Kwenye biliadi, mchezaji anafikiria mpira utasimama wapi baada ya kugonga. Yeye akaichukua hesabu hiyo akaipeleka kwenye snuka. Hakuzamisha tu mwekundu. Aliuzamisha kwa namna ambayo mweupe unakwenda kusimama mahali pazuri kwa mweusi, na kutoka kwa mweusi unarudi mahali pazuri kwa mwekundu unaofuata. Kila pigo lilikuwa linaandaa pigo la pili na la tatu. Ukiwaona wachezaji wa leo wanazunguka meza bila mweupe kwenda mbali na mipira, kazi hiyo mizizi yake iko kwa Davis. Aliandika pia vitabu vya kufundisha, na vizazi vya wachezaji vimejifunza kushika fimbo kupitia kwake.

Mwaka 1935 akawa mtu wa kwanza kufikisha pointi 100 kwa zamu moja ndani ya mashindano ya dunia, alipopata 110. Mwaka huo fainali alicheza na Willie Smith, akashinda 25 kwa 20.

Kufikia hapo biliadi ilikuwa inaelekea kaburini na wachezaji wakubwa wakawa wanahamia snuka mmoja mmoja. Clark McConachy wa New Zealand alikwishaonja kipigo mwaka 1932. Mwaka 1936 akaja Horace Lindrum, mpwa wa yule Walter wa Australia, kijana mwenye kipaji ambaye wengi walidhani ndiye dawa ya Davis. Davis akashinda 34 kwa 27. Mwaka 1937 Lindrum akarudi, akapoteza 32 kwa 29. Sidney Smith naye akajaribu 1938 na 1939, akatoka kapa mara zote mbili.

Mpinzani wa kweli alikuwa nyumbani

Kumbe aliyekuwa anakuja kumtikisa Joe walikuwa wanakula naye meza moja. Fred Davis, mdogo wake wa miaka 12 nyuma, alikuwa amekua akimtazama kaka akicheza.

Mwaka 1937 Fred alishiriki akafungwa na Bill Withers, mchezaji ambaye hakuwa na jina kubwa, 17 kwa 14. Sababu ilikuwa macho. Fred alikuwa haoni vizuri na alikuwa hataki kusema. Joe hakufurahishwa kabisa na kipigo kile, na aliyeilipa hasira hiyo alikuwa Withers. Kwenye mechi iliyofuata Joe alimgaragaza 30 kwa 1. Fred akaenda kutengenezewa miwani maalumu ya kuchezea, yenye vioo vinavyoinuka ili aone akiwa ameinama, na kuanzia hapo akawa mtu mwingine.

Mwaka 1940 ndugu hao wawili wakakutana fainali. Vita Kuu ya Pili ilikuwa tayari imeanza. Kaka alimshinda mdogo wake 37 kwa 36. Katika fainali zote 15 alizocheza, hakuna iliyombana kama hiyo.

Kisha mashindano yakasimama kwa sababu ya vita. Oktoba 1940 ukumbi wa Thurston's ukapigwa bomu. Joe akahamia kwenye kumbi za maonyesho ya burudani, akizunguka nchi na meza na kioo kikubwa cha kuwawezesha watazamaji kuona anachofanya, akichangisha fedha za kusaidia waathirika wa vita. Watu ambao hawajawahi kuingia ukumbi wa biliadi wakamjua kwa jina na kwa sura.

Mwaka 1946 ubingwa ukarudi. Fainali ikapelekwa Royal Horticultural Hall, London, ukumbi wenye nafasi ya watazamaji zaidi ya 1,000 kwa kila kipindi. Joe na Horace Lindrum walicheza fremu 145 kwa wiki mbili. Joe akashinda 78 kwa 67. Alikuwa na miaka 45. Ule mchezo ambao viongozi walisema hauwezi kuvuta mtu ulikuwa umejaza ukumbi siku baada ya siku.

Akaaga, lakini hakuondoka

Mwishoni mwa mwaka huo huo Davis akatangaza kwamba hatagombea tena ubingwa wa dunia. Kiutu, unaweza kumwelewa. Ameshinda kila kitu, umri unakwenda, apumzike.

Tatizo ni kwamba hakupumzika. Aliacha ubingwa wa dunia tu, lakini mashindano mengine na mechi za maonyesho akaendelea nazo karibu miaka 20, na kibaya zaidi, akaendelea kushinda. Kulikuwa na mashindano ambayo aliwapa wenzake pointi za kuanzia, kama baba anavyompa mtoto nafasi kwenye mbio, na bado akawapita. Katika maisha yake yote ya snuka, mtu pekee aliyewahi kumfunga bila kupewa pointi za kuanzia ni Fred, mara nne, na zote ni baada ya mwaka 1946.

Sasa fikiria uko kwenye nafasi ya shabiki wa wakati ule. Gazeti linakwambia bingwa wa dunia ni Walter Donaldson wa Scotland, aliyemfunga Fred mwaka 1947. Mwaka unaofuata linakwambia bingwa ni Fred. Wewe unajua kabisa kwamba kuna mzee mmoja pembeni ambaye akiamua kuingia, wote hao watakaa. Utamwita nani bingwa? Tangu 1947 mpaka 1954 fainali zote zilikuwa za watu wawili hao hao, Fred na Donaldson. Watu wakazichoka. Fred alichukua taji la dunia mara nane, lakini miaka yote hiyo aliishi na kivuli cha kaka yake.

Joe hakuwa na nguvu za fimbo tu. Baada ya vita, ukumbi uliopigwa bomu ulifunguliwa upya mwaka 1947 kwa jina la Leicester Square Hall, na yeye alikuwa mmoja wa waliouendesha. Kwenye chama cha wachezaji wa kulipwa sauti yake ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Nani apate mechi, nani asipate, neno lake lilikuwa na uzito. Wapo wanaosema mfumo huo uliwafungia mlango vijana. Ni wachezaji wachache sana waliojiunga na ulipwa miaka ya 1950.

Mwaka 1952 mambo yakaharibika zaidi. Wachezaji wa kulipwa waligombana na chama kuhusu fedha na uendeshaji, wakajitoa na kuanzisha mashindano yao. Kwenye yale ya chama wakabaki wawili, Horace Lindrum na McConachy. Lindrum akashinda fremu 94 kwa 49 na jina lake likaandikwa kwenye orodha ya mabingwa, ingawa wengi hawakulitilia maanani. Mashindano ya wachezaji nayo yakaenda yakipungua, mpaka mwaka 1957 yalipobaki na washiriki wanne tu. John Pulman akachukua taji, na baada ya hapo pakawa kimya. Mwaka 1958 hakuna ubingwa, 1959 hakuna, ikaenda hivyo hadi 1964.

Mti mkubwa ukianguka, wana wa ndege huyumba. Huu ulikuwa haujaanguka. Ulikuwa umesogea tu hatua mbili pembeni, na kivuli chake kikazuia kila kilichojaribu kuota.

Pointi 147 na mipira miwili ya ziada

Katika kipindi hicho hicho cha ukame, Davis alifanya lile ambalo wachezaji wote wanaliota. Januari 22, 1955, kwenye Leicester Square Hall, akicheza mechi ya maonyesho dhidi ya rafiki na mpinzani wake wa zamani Willie Smith, alimaliza meza yote kwa pointi 147. Hiyo ndiyo 147 ya kwanza kutambuliwa rasmi. Hata hivyo utambuzi wenyewe ulichelewa. Chama kilisita kwa kuwa wachezaji wa kulipwa walikuwa wakitumia kanuni moja ambayo chama kilikuwa hakijaipitisha. Cheti alikipata mwaka 1957. Alikuwa na miaka 53 siku aliyoifanya kazi hiyo, umri ambao wengi wanakuwa wamebaki kusimulia tu.

Aliona pia mchezo unavyokwenda chini, akajaribu kuufufua. Mwaka 1959 akaleta snuka ya aina mpya, yenye mipira miwili ya ziada: wa rangi ya chungwa wenye pointi 8 na wa zambarau wenye pointi 10. Pointi za juu kabisa zikawa 210 badala ya 147. Haikushika. Mashabiki hawakuwa wameuchoka mchezo. Walikuwa wameuchoka ukosefu wa ushindani. Kuongeza mipira kwenye meza ambayo wachezaji ni wale wale hakukuwa jibu.

Mwaka 1963 alitunukiwa nishani ya OBE. Mwaka 1964 akaacha kucheza hadharani, akiwa amefikisha pointi 100 au zaidi kwa zamu moja mara 687 zilizoandikwa rasmi.

Angalia tarehe hizo vizuri. Mwaka huo huo wa 1964 ambao Joe aliweka fimbo chini ndio ambao ubingwa wa dunia ulirudi, Pulman akitetea taji dhidi ya Fred na kushinda 19 kwa 16. Kurudi kwake kulikuwa na sababu nyingine pia, kwani wachezaji na chama walikuwa wamepatana. Ila ni wazi kwamba bingwa sasa angeweza kuitwa bingwa bila watu kugeuka nyuma kumtazama mzee.

Kuanzia hapo mambo yakafunguka. Mwaka 1969 ulirudi mtindo wa mtoano na John Spencer akawa bingwa. Mwaka huo huo kipindi cha snuka kikaanza kwenye televisheni ya rangi na kikapata watazamaji wengi, maana hakuna mchezo unaohitaji rangi kama huu. Mwaka 1972 akatokea Alex Higgins, kijana wa Belfast mwenye mbwembwe na kasi. Mwaka 1977 mashindano yakahamia Crucible Theatre, Sheffield, ukumbi wa maigizo wenye viti visivyofika 1,000, na yamebaki hapo miaka na miaka. Mwaka 1985 Dennis Taylor alimfunga Steve Davis, ambaye si ndugu wa Joe, 18 kwa 17 kwa mpira wa mwisho kabisa, na Waingereza milioni 18.5 walikuwa macho usiku wa manane wakitazama.

Alifia kwenye mapenzi yake

Joe hakuiona fainali hiyo ya 1985. Lakini aliiona Crucible.

Mwaka 1978 Fred Davis, akiwa na miaka 64, alifika nusu fainali ya ubingwa wa dunia. Mpinzani alikuwa Perrie Mans wa Afrika Kusini. Kaka mtu alikuwa ukumbini akitazama. Yule ambaye kwa miaka 20 hakuwahi kutetereka mezani, siku hiyo alikuwa shabiki kama shabiki mwingine yeyote, akijipinda kitini kila mdogo wake alipopiga mpira. Presha ilimzidi, akaugua. Fred alipoteza 18 kwa 16. Joe akafanyiwa upasuaji mkubwa, na wakati anauguza ndipo alipopata maambukizi ya kifua. Alifariki dunia Julai 10, 1978, akiwa na umri wa miaka 77.

Fred aliendelea kucheza. Mwaka 1980 akachukua ubingwa wa dunia wa biliadi, na kwa kufanya hivyo akaungana na kaka yake kwenye orodha fupi sana: ndugu hao wawili ndio waliowahi kuwa mabingwa wa dunia wa michezo yote miwili.

Kwa hiyo Joe Davis tumhukumu vipi? Aliyelianzisha taji ni yeye, aliyelilinda likiwa halina thamani ni yeye, na aliyewafundisha wengine jinsi ya kulichezea ni yeye. Kosa, kama tutaliita kosa, ni kwamba kwa miaka 20 yeye na ubingwa walikuwa kitu kimoja, na hakuna aliyejiuliza siku moja itakuwaje akiwa hayupo. Viongozi hawakujiuliza kwa sababu alikuwa anawajazia ukumbi. Wachezaji hawakujiuliza kwa sababu walikuwa wanapata mechi kupitia kwake. Naye mwenyewe hakujiuliza, au alijiuliza lakini fimbo ikamshinda kuiacha. Mchezo ukaja kulipa deni hilo kwa miaka zaidi ya kumi na tano. Ni deni ambalo klabu na vyama vingi vya michezo vinalijua, hata visivyo na meza ya snuka.

Kila mwaka mwezi Mei, bingwa mpya anapolinyanyua kombe pale Sheffield, anapewa hundi yenye tarakimu nyingi. Kombe lenyewe ni lile lile la mwaka 1927, lenye msichana mchungaji juu yake, lililonunuliwa kwa fedha za wachezaji wenyewe. Jina la kwanza lililoandikwa hapo ni la Joe Davis.